Namba ya Presha Inataka Mtu wa Kuipokea

Haya ni maneno ya muuguzi wa afya ya jamii alipozungumza na wakazi kwenye baraza la afya mjini Ukunda. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi wa Msambweni, Matuga, Lunga Lunga na Kinango ambao hawakuweza kufika.

  

Wazee wetu wa mitaa, kina mama, kina baba, vijana, na nyinyi wahamasishaji wa afya ya jamii ambao nawaona mmekaa kule nyuma na mikoba yenu: ahsanteni kwa kuja. Najua kuna waliofunga vibanda vyao, kuna walioacha shamba, na kuna walioomba ruhusa hotelini. Sitawachelewesha.

Nimeombwa nizungumze juu ya vile visanduku vinavyopokea vipimo vya mgonjwa akiwa nyumbani kwake na kuvipeleka kwa daktari bila waya. Maswali yamekuwa mengi. Kuna aliyeona kwa jirani. Kuna ambaye mwanawe yuko ng'ambo na amemwahidi kumletea. Na kuna mzee mmoja aliyenisimamisha njiani akaniuliza kama vinagawiwa bure. Basi nianze na hilo. Sikuja na kisanduku cha kugawa, wala sikuja kuahidi kitu. Nimekuja kuwaeleza kinavyofanya kazi, kinavyoweza kumsaidia mgonjwa, na kosa moja linaloweza kukigeuza kikawa pambo la mezani. Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, nyumbani kwetu, nikiwa muuguzi. Nitawasimulia.

Kisanduku ni nini

Chukueni mgonjwa wa presha. Ana mashine yake ya kupimia, ile yenye mkanda wa kufunga mkononi. Akipima, namba inatokea kwenye kioo. Akizima mashine, namba imepotea, au imebaki ndani ya mashine ambapo hakuna anayeiona. Siku ya kliniki anaulizwa, "Presha ilikuwaje mwezi huu?" naye anajibu, "Ilikuwa sawa sawa tu."

Kisanduku hiki, ambacho wataalamu wanakiita habu, kinaziba pengo hilo. Ni kidogo, kinatosha kiganjani. Unakichomeka kwenye stima na kukiacha mezani. Mashine ya presha, kipima sukari, mizani au kile kipimo cha kidole cha hewa ya damuni kinaongea nacho kwa Bluetooth, njia ile ile vijana wanayotumia kurushiana nyimbo. Kisanduku kikishapokea namba kinaituma kwa laini ya simu iliyomo ndani yake, au kwa Wi-Fi ya nyumbani, mpaka kwenye kompyuta ya kliniki au simu ya mtu aliyechaguliwa. Mgonjwa habonyezi kitu. Anapima, basi. Nyanya asiyejua kusoma anaweza kukitumia.

Siku hizi simu ya kawaida ya kisasa inaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa kuwekewa programu ya mashine. Kwa hiyo nikisema kisanduku leo, wewe mwenye simu elewa kwamba nazungumza nawe pia.

Faida yake sisi watu wa Kwale tunaielewa haraka. Kaunti yetu ni kubwa. Mtu wa Wasini akitaka kuja Msambweni huanza na mashua mpaka Shimoni, kisha atafute gari. Mtu wa Ndavaya au Mwereni anajua vumbi la njia na nauli ya bodaboda. Mgonjwa wa presha akiambiwa arudi kila wiki kupimwa tu, wiki ya kwanza atakuja, wiki ya pili atakuja, ya tatu atafikiria nauli na unga wa nyumbani, na nauli itashindwa. Namba ikiweza kusafiri yenyewe, mtu abaki nyumbani mpaka kuwe na sababu ya kusafiri, huo ni msaada mkubwa.

Na ugonjwa wenyewe si mdogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Presha haiumi. Inakaa ndani miaka mingi kimya kimya, na siku inayojitangaza huja na kiharusi, moyo kushindwa au figo kuharibika.

Yaliyotupata nyumbani

Sasa nisikilizeni. Mamangu ana presha, miaka mingi. Kakangu anafanya kazi Muscat. Likizo moja alikuja na zawadi: mashine ya presha na kisanduku chake, vyote ndani ya boksi zuri. Kwanza hakikushika mtandao, kwa sababu laini iliyokuwa ndani ilifungwa kwa kampuni ya nchi nyingine. Kijana mmoja wa kutengeneza simu akatusaidia kukiunganisha na Wi-Fi, na kakangu akaweka programu kwenye simu yake. Mama akipima asubuhi huku, namba inafika Muscat.

Wiki za kwanza ilikuwa raha na fujo pamoja. Siku moja mama alipima akiwa ametoka kupanda ngazi, ikatoka 170. Kakangu akapiga simu usiku, akapiga kwangu, akapiga kwa jirani. Mama akaamshwa kuulizwa kama yuko hai. Bila shaka presha ikapanda zaidi. Yalipotokea hayo mara tatu, nne, kakangu akachoka, akazima mlio wa programu ili alale. Hakumwambia mtu. Akajua mimi muuguzi niko karibu, nitakuwa naangalia.

Na mimi je? Mimi nilijua yeye ndiye mwenye programu, yeye ndiye anayeangalia. Kila Ijumaa nikipita kwa mama namwona anapima, kisanduku kinawaka taa ya kijani, moyo wangu unatulia. Ile taa ya kijani ilinidanganya. Ilikuwa inasema namba imetumwa. Mimi nilisikia kwamba namba imesomwa.

Mama alikuwa ameishiwa na moja ya dawa zake mbili. Hakutaka kutusumbua, akaona ataendelea na ile iliyobaki. Kwa wiki tatu kisanduku kilituma namba za juu kila asubuhi: 168, 172, 179, 181. Zote zilifika. Zimeandikwa mpaka leo kwenye simu ya kakangu, tarehe na saa. Asubuhi moja mama aliamka mdomo umeenda upande na mkono wa kushoto umekuwa mzito kama si wake.

Tunamshukuru Mungu yuko hai na anaongea. Lakini zile mahamri alizokuwa akitukandia kila Ramadhani, sasa anakaa kitini na kutuelekeza, tukande sisi.

Sikuwahi kukilaumu kile kisanduku. Kilifanya kazi yake kila siku bila kukosa. Sisi watu wawili tuliompenda ndio tuliopeana kazi bila kusemezana. Kwa hiyo nikiombwa nizungumze juu ya kifaa hiki, neno langu ni moja: kabla hujakichomeka kwenye stima, jua ni nani atakayeipokea namba na atafanya nini nayo.

Wengine wameyaona haya pia

Msidhani ni hadithi ya kwetu peke yake. Kuna jambo lilifanyika hapa hapa Kenya, na lilisifiwa duniani. Kati ya mwaka 2007 na 2010, wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, Nairobi na Kajiado, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na muuguzi. Na aliyenyamaza siku mbili bila kujibu, yeye pia alipigiwa.

Hakukuwa na kisanduku wala mashine ya bei. Zilikuwa simu za kawaida za vibonyezo. Baada ya mwaka mmoja, waliotumiwa ujumbe na kumeza dawa vizuri walikuwa asilimia 62. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 50. Na virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili. Maisha ya watu yalibadilika kwa neno moja na muuguzi aliyekuwa upande wa pili wa simu.

Marekani nako, katika jimbo la Minnesota, walifanya jaribio na wagonjwa 450 wa presha, matokeo yakatolewa mwaka 2013. Baadhi walipewa mashine za nyumbani zinazotuma namba, na mfamasia akawa anazisoma, anawapigia na kuwabadilishia dawa. Baada ya mwaka, karibu 7 kati ya 10 presha zao zilikuwa zimetulia. Kwa wale waliotibiwa kwa njia ya kawaida walikuwa karibu 5 kati ya 10.

Lakini huko huko Marekani, jaribio jingine la wagonjwa 1,653 wa moyo, lililotolewa mwaka 2010, halikuonyesha tofauti yoyote. Mgonjwa alitakiwa kupiga simu kila siku kwenye mtambo unaojijibu wenyewe na kuueleza uzito wake na hali yake. Wengine hawakuupigia hata siku moja, na kufikia wiki ya mwisho ni zaidi kidogo ya nusu tu waliokuwa wakiendelea kupiga angalau mara tatu kwa wiki. Kuongea na mtambo kunachosha. Mtu akijua kuna mtu anamngoja, ataendelea.

Mapatano ya ukutani

Sasa tufanye nini? Kila nyumba yenye mgonjwa wa presha, sukari au moyo, na inapima nyumbani, kwa kisanduku au bila kisanduku, ikae chini ikubaliane mambo matano. Yaandikwe kwenye karatasi, ibandikwe ukutani karibu na mashine.

La kwanza: ni nani anayepokea namba? Jina moja. Ukiandika "watoto", hujaandika mtu.

La pili: anaangalia lini? Kila jioni? Kila Jumamosi? Mgonjwa naye ajue, asidhani kuna mtu anamwangalia saa 24. Hata kliniki ikikubali kupokea namba zako, uliza wanazifungua siku gani na saa ngapi. Usiku wa manane pengine hakuna aliye mbele ya ile kompyuta.

La tatu: namba gani inatosha kumfanya mtu achukue hatua? Hii mpewe na daktari au muuguzi wenu, kwa sababu wagonjwa hawafanani. Lakini kwa jumla, presha ya nyumbani ikiwa inakaa 135 kwa 85 au zaidi kwa siku kadhaa, inahitaji kujadiliwa kliniki. Ikifika 180 kwa 120, tulia dakika tano upime tena. Ikiwa bado iko huko, wasiliana na kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ikiwa iko huko pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma vibaya, macho kuona kiza, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi. Tena dalili za kiharusi hazingojei mashine. Mdomo umepinda? Usipoteze muda kutafuta mkanda. Tafuta gari.

La nne: hatua yenyewe ni ipi? Kumpigia muuguzi? Kwenda zahanati? Kuuliza kwanza kama dawa zimemezwa? Swali hilo la dawa ndilo lingemwokoa mamangu.

La tano: huyo mtu mmoja asipopatikana, ni nani wa pili? Watu husafiri, huzima simu, huingia zamu.

Na msisahau kimya. Kama mgonjwa amezoea kupima kila asubuhi na siku mbili zimepita bila namba, hiyo nayo ni habari. Pengine ni stima. Pengine betri. Pengine ameanguka. Wauguzi wa ule ujumbe wa "Mambo?" walimpigia hata aliyenyamaza, nasi tuwaige.

Namba ya kweli

Haina faida kutuma namba ya uongo. Nawaona wengine mnapima huku mnaongea, mguu juu ya mguu, mkono unaning'inia. Sikilizeni utaratibu.

Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa, usivute sigara, usitafune muguka. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote chini sakafuni. Tulia dakika tano. Mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati wala buibui. Usiongee wakati mashine inabana. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Kama daktari wako hajakupangia vingine, pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba kabla ya kwenda kliniki. Namba moja ya juu ya siku moja isiwatie kiwewe, kama ile ya mamangu alipotoka kupanda ngazi. Tunatazama mwendo wa siku nyingi.

Ukinunua mashine, chukua ya mkono wa juu, si ya kifundo. Angalia mkanda unakutosha: mkono mnene kwenye mkanda mdogo hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Ukija kliniki ije nayo, tuilinganishe na yetu.

Jambo jingine: mashine moja, mtu mmoja. Mjukuu akijipima kwa mchezo, namba yake inaingia kwenye jina la bibi. Muuguzi ataona presha imeshuka vizuri na kumbe ni ya kijana wa miaka 15. Na betri zikibadilishwa, hakikisheni tarehe na saa ya mashine ni sahihi.

Kwa wanaotumia kipimo cha kidole: kina mama, piko nyeusi na rangi ya kucha zinaweza kukizuia kusoma sawa. Tafuteni kidole kisichopakwa. Na kwa ngozi nyeusi kama zetu kipimo hiki wakati mwingine husoma juu kuliko hali ilivyo. Mtu akihema kwa shida, mwamini yeye kuliko kioo.

Kwa wagonjwa wa sukari: namba ikiwa chini ya 4, mpe kitu kitamu mara moja kama bado anaweza kumeza, soda au maji ya sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Hapo hatungojei simu ya mtu. Akiwa hawezi kumeza au amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

Na mama mjamzito ana namba zake. Kwake yeye 140 kwa 90 inatosha kumpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama anajisikia mzima. Ikifika 160 kwa 110, ni hatari kubwa. Kichwa kikimuuma sana, akiona vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu, ni hospitali bila kuchelewa. Kifafa cha mimba huua mama na mtoto.

Mtandao, stima na siri zako

Namba ya presha ni ndogo, haina tofauti na ujumbe mfupi. Haili bando sana. Tatizo ni kupata mtandao wenyewe. Bluetooth inafika kama mita kumi, na nyumba zetu zenye kuta nene za mawe zinaipunguza. Weka kisanduku chumba kile kile unachopimia. Wenzetu wa Vanga na Lunga Lunga mnajua kuna nyakati simu inashika mtandao wa Tanzania na salio linaondoka. Ukinunua kisanduku, uliza mambo matatu: kinakubali laini yoyote ya hapa? Mtandao ukikatika kinahifadhi namba mpaka urudi? Na kuna malipo ya kila mwezi? Kuna vinavyouzwa rahisi, kisha ukiacha kulipia kila mwezi, taa inazimika.

Na siri. Habari za afya yako ni mali yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu kuwa habari nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 nayo inataka zilindwe. Una haki ya kuuliza: namba zangu zinakwenda wapi? Nani anaziona? Naweza kusema ziondolewe? Kijana wa hoteli hapa Diani ana haki ya kutibiwa sukari yake bila meneja kujua. Kwa hiyo tusiweke namba za baba kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wenye watu 80. Mtu mmoja wa kupokea, mmoja wa akiba. Wengine wamwombee dua.

Kama huna kisanduku

Wengi wetu hapa hatuna, na hatutakuwa nacho kesho. Msiondoke mkidhani maneno haya ni ya wenye watoto ng'ambo.

Angalieni kule nyuma. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchini kote, wenye mikoba ya vifaa na simu za kuandikia wanachokiona. Ndani ya mkoba kuna mashine ya presha na kipima sukari. Anapima mlangoni kwako, anaandika kwenye simu, na habari inaingia kwenye mfumo wa afya. Kazi ya kisanduku ni hiyo hiyo, isipokuwa hiki kina miguu na kinajua njia ya kwako. Tena kinaweza kuuliza, "Mama, dawa ziko wapi, nizione." Kisanduku cha Muscat hakikuweza kuuliza hivyo.

Mfahamuni mhamasishaji wa kijiji chenu kwa jina. Mkaribisheni. Asipokuja muda mrefu, ulizeni kwa mzee wa mtaa au zahanati iliyo karibu. Yeye haandiki dawa, lakini anajua wa kumpelekea.

Na kama una mashine tu, nunua daftari la shule. Tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini, dawa nimemeza au sijameza. Jumamosi piga picha ukurasa, mtumie yule mtu mmoja mliyekubaliana. Siku ya kliniki njoo na daftari. Nawaambia kweli, daftari linalosomwa na mtu limeokoa wengi kuliko kisanduku kisichosomwa.

Na kama pesa ni za kitu kimoja tu, nunua dawa. Mashine haishushi presha. Jisajilini pia na Mamlaka ya Afya ya Jamii kwa kupiga *147#, ili siku ya hospitali isiwakute mikono mitupu. Na punguzeni chumvi. Papa wa ng'onda tunampenda sote, lakini mloweke na mmwage maji yake, na asiwe wa kila siku.

Nimalizie. Sisi kwetu ile karatasi iko ukutani sasa. Jina la kwanza ni la mpwa wangu wa kike, anayeishi na mama. La pili ni langu. Kila jioni baada ya Magharibi anafungua simu, anasoma namba, na anaingia chumbani kumwambia mama, "Leo iko vizuri," au "Leo tuzungumze." Kakangu naye bado anaziona kule Muscat, lakini anajua zamu si yake, kwa hiyo analala.

Leo jioni mkifika nyumbani, msianze na kutafuta bei ya kisanduku. Mwulizeni mgonjwa wenu swali moja: "Ukipima na namba ikawa mbaya, utamwambia nani?" Akitaja jina, mwende kwa huyo mtu mhakikishe naye anajua. Akinyamaza, kaeni chini usiku huo huo mpate jina.

 Wahamasishaji wako pale chini ya mwembe na mashine zao. Pangeni foleni, wazee na wajawazito mbele. Na tafadhali, kahawa iwekeni kando kwanza.